Uliza Fundi: Sensa ya joto la hewa kwenye Subaru ya turbo

Kaskazi imekaza hapa Malindi, saa saba mchana boneti haishikiki kwa mkono, na barua za mwezi huu karibu zote ni za joto. Nimechagua nne zinazoshikana, zote za gari za turbo, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa manake huyu ndugu yuko karibu kuvunja injini na hajui.

SWALI

Asalaam aleikum fundi. Mi niko Muyeye, Malindi, nina Subaru Impreza WRX STI ya 2006, ile ya Japan yenye injini ya lita 2, EJ207. Niliitoa intakula (kile kipoza hewa inayotoka kwa turbo) ya juu nikaweka kubwa ya mbele, nyuma ya bampa, alafu gari ikatuniwa Nairobi, yaani hesabu za kompyuta zikaandikwa upya, kwa busti (presha ya turbo) ya bar 1.3. Kule ilikuwa inaenda vizuri sana. Sasa nimehamia huku, alfajiri nikitoka kwenda Kilifi inavuta poa, lakini mchana saa nane ukikanyaga inakuwa nzito kama imebeba mchanga, na mara mbili nimesikia sauti kama changarawe zinatikiswa ndani ya kopo. Jamaa mmoja akaniambia sensa ya joto la hewa ya Subaru ni nzito kusoma na iko mahali pabaya, nitafute ile ya GM (General Motors ya Marekani) iliyo wazi niifunge baada ya intakula na nguvu zitarudi. Nishaiagiza na imefika. Je nikiifunga tu nguvu zitarudi? Na niifunge wapi?

JIBU

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Kabla hatujafika kwa sensa, hiyo changarawe kwenye kopo ndo iliyonifanya niishike barua yako kwanza. Hiyo ni injini inanoki, yaani petroli na hewa vinalipuka vyenyewe kabla ya wakati wake, na kwa injini ya turbo hichi si kitu cha kuzoea, pistoni inapasuka pale kwenye mifereji ya ringi na hapo unaongea habari za injini nyengine. Kwaivo kuanzia leo mpaka gari ichekiwe shusha busti, na mchana usikanyage mpaka mwisho. Nakuomba hilo kama ndugu.

Sasa sensa. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba sensa haipozi hewa na haiongezi nguvu, kazi yake ni kusema kweli tu. Ndani yake mna kipande kidogo kama punje ya mtama, kikipata joto upinzani wake wa umeme unashuka, kikipoa unapanda. Kompyuta ya gari inapeleka volti 5 kwenye ule waya, inaangalia imebaki volti ngapi, alafu inaenda kwenye jedwali lake kutafuta volti hiyo ni nyuzi ngapi. Basi. Kompyuta haioni hewa, inaamini ilichoambiwa.

Kwenye gari yako hiyo sensa imejengwa humo humo ndani ya sensa ya MAF, ile ya kupima hewa inayoingia, inayokaa kwenye paipu baada tu ya filta ya hewa. Maana yake inapima hewa kabla haijafika kwa turbo. Sasa chukua siku ya kawaida ya hapa kwetu, nje nyuzi 32. Turbo ikiikandamiza hewa hiyo kwa busti ya bar 1, inatoka upande wa pili ikiwa nyuzi 120 na ushei, na usishangae, we ushawahi kujaza upepo baiskeli ukashika pampu pale chini ukaona inavyochoma. Intakula nzuri inaishusha mpaka 50 au 60 hivi. Hiyo ndo hewa inayoingia kwenye injini, na wakati huo sensa yako iko kule kwa filta inaiambia kompyuta hewa ni nyuzi 38. Kiwandani walilijua hilo, wakapiga hesabu zao kwa kufuata intakula yao ya juu na turbo yao, ikawa sawa. Lakini we intakula ile ushaitoa na busti ushapandisha, kwaivo zile hesabu za kukisia hazikuhusu tena.

Kwa hapo jamaa yako amepatia, sensa iko mahali ambapo kwa gari iliyobadilishwa kama yako haikwambii unachotaka kujua. Na kuhusu kasi, ya wazi kweli ni nyepesi. Zile sensa za kichwa cha shaba kilichofunikwa zinachelewa, mpaka shaba yenyewe ipate moto we ushamaliza kukanyaga na ushabadilisha gia, wakati ile ya wazi, ambayo ukiitazama kichwani unaona kipande chenyewe ndani ya kizimba cha plastiki, hewa inakigusa moja kwa moja na inafuata joto likipanda na likishuka.

Alipokosea ni pale alipokwambia funga tu.

Sensa ya GM na hiyo ya Subaru hazizungumzi lugha moja. Kwenye nyuzi 20 ya Subaru ina upinzani wa karibu omu 2,500, ya GM ina kama 3,500. Ukiichomeka bila kubadilisha jedwali, hewa ya nyuzi 20 kompyuta itaisoma kama 12, na hewa ya 50 itaisoma kama 45. Unaona inakosea kuelekea wapi? Inadhani hewa ni baridi kuliko ilivyo, na ikidhani hewa ni baridi inaona haina haja ya kuilinda injini. Kwa gari ambayo tayari inanoki hiyo ni hatari.

Na hata jedwali likishabadilishwa bado kazi haijaisha, hapa ndo wengi wanapokwama wanalaumu sensa ya watu. Kompyuta yako ina mahali pengine imeandikiwa kwamba hewa ikifika nyuzi kadhaa irudishe taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) nyuma, na zile nyuzi ziliandikwa kwa sensa iliyoko kwenye filta. Sensa ya kwenye filta ikisoma 55 ni kwamba gari iko mahali pa moto kweli kweli. Sasa we umeihamisha umeiweka baada ya intakula ambako 55 ni kitu cha kawaida cha mchana wa Malindi, kompyuta inaogopa inarudisha taimingi, gari inakuwa nzito kuliko hata saa hii. Kwaivo sensa ikihamishwa lazima yule anayetuni kompyuta aziandike upya hizo namba, vitu viwili hivi vinaenda pamoja. Kama hamna mtu wa kutuni, iache sensa yako ya kiwandani ilipo.

Kuna hili nalo, petroli. Gari yako bado inatumia MAF kupima hewa, na MAF inapima uzito wenyewe wa hewa, kwaivo kipimo kikubwa cha petroli kinatoka huko na joto linagusa zaidi taimingi. Lakini wapo wanaotoa MAF kabisa wakaenda kwa mtindo wa sensa ya presha, na hapo kompyuta inahesabu uzito wa hewa kwa kutumia presha na joto. Ukifika huko sensa ya baada ya intakula si hiari tena, ni lazima, na ikidanganya inadanganya kila kitu. Hewa ikiwa ni nyuzi 35 kweli na sensa inasema 65, kompyuta itadhani hewa ni nyepesi na itapunguza petroli kama asilimia 9. Injini ya turbo kwenye busti kubwa ikipungukiwa petroli kiasi hicho... we mwenyewe ushajua inaishia wapi.

Sasa wapi pa kuifunga. Hapa nitakuelezea kilichonipata manake nilijifunzia kwa gari ya mtu. Mwaka juzi nilimfungia mteja sensa kama hiyo yako. Manifoldi yake, yale mabomba ya kugawa hewa kwenye silinda, ilikuwa na tundu tayari lenye meno, pazuri, waya unafika bila kuunga, nikaona hapa ndo penyewe. Tukatoka mpaka daraja la Sabaki, namba nzuri, 48, 50. Tukasimama kunywa dafu kama dakika kumi. Kuwasha tena skana (kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) inasema 68, tukaendesha mpaka karibu na Mambrui bado 60 na kitu na upepo wote ule unaopiga intakula. Nikamwambia simama kando. Nikafungua boneti injini ikinguruma, namba ishapanda tena 68, nikachukua kitambaa nikakilowesha maji nikakizungushia shina la sensa, pale shaba inapoingilia kwenye alumini, skana naitazama mkononi. 68. 64. 59. 53. Hewa ndani haikubadilika, injini iko pale pale inanguruma, nilichopoza mimi ni chuma tu. Hapo ndo nikajua sensa yangu ilikuwa inapima manifoldi na si hewa, na kompyuta ya watu siku nzima ilikuwa inafanya kazi kwa joto la chuma.

Kwaivo usiifunge kwenye manifoldi hata kama kuna tundu linakuita. Ifunge kwenye paipu inayotoka intakula kwenda throtoli (ule mlango wa hewa wa injini), na kwa vile we una intakula ya mbele paipu yako ni ndefu unayo nafasi ya kuchagua. Chagua kipande cha kabla ya throtoli, mbali na turbo na mbali na rejeta. Paipu ikiwa ya alumini mtafute mtu anayejua kuchomelea alumini vizuri akuwekee nati, usikubali kubandika na gundi, busti itairusha siku ambayo huitarajii. Paipu ikiwa bado iko kwenye gari usitoboe! Itoe, itobolewe mezani, ioshwe, manake chembe ya alumini ikibaki inaingia moja kwa moja kwenye injini. Mi sku hizi napenda kuweka nati ya plastiki ngumu inayovumilia moto kati ya sensa na paipu ili joto la chuma lisipande kwenye sensa. Kichwa cha sensa kifike katikati ya paipu kwenye mkondo wa hewa, na kikae kwa juu au ubavuni, kisikae chini, kwa sababu mafuta ya injini yanayopumuliwa huwa yanalala chini ya paipu za intakula na sensa ikishapakwa mafuta inakuwa nzito kama zile za kichwa kilichofunikwa.

Waya ni mbili tu na hazina chanya wala hasi kwenye sensa yenyewe, ila moja inarudi kwa kompyuta kama ishara na nyengine ni ethi ya sensa. Hiyo ethi ichukue kwenye waya wa kiwandani ule ule uliokuwa unahudumia sensa ya zamani. Usiifunge kwenye bodi ya gari, utapata namba zinazorukaruka kila feni ikiwaka. Na ile sensa ya zamani ndani ya MAF ikate kwenye waya wake wa ishara. Nshaona gari mbili zimeletwa hapa sensa zote mbili zimeungwa kwa pamoja, sasa upinzani unagawanyika nusu, hewa ya nyuzi 30 inasomeka kama 50, mtu anazunguka mjini mwezi mzima anauliza kwa nini gari haivuti.

Kabla hujaifunga ipime. Hapa Malindi tuna bahati, barafu ya samaki iko kila mahali. Weka barafu iliyosagwa na maji kidogo kwenye bakuli, subiri itulie, sensa ivishe mfuko mwembamba wa plastiki isilowe, iingize, mita iweke kwenye omu. Hapo ni nyuzi 0. Alafu chemsha maji, na sisi tuko usawa wa bahari kwaivo maji yetu yanachemka kwenye 100 kamili, huko Nairobi yanachemka mapema kidogo. Kwenye maji ya moto sensa iseme chini ya omu 200. Andika namba zote mbili na ya joto la kawaida la kivulini pamoja na ya kipimajoto, umpelekee fundi wa kompyuta, ulinganishe na jedwali la kampuni. Sensa bandia ni nyingi na kwa macho huwezi kuzitofautisha, bakuli la barafu litakuonyesha.

Mwisho kwako, na hapa naona ndo penye ugonjwa wenyewe. Gari yako ilituniwa Nairobi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa yao ni kama asilimia 82 ya yetu. Geji ikisema bar 1.3 kule na ikisema bar 1.3 hapa si kitu kimoja, hapa unajumlisha na hewa nzito ya chini, kwenye silinda inaingia presha zaidi kama asilimia 9. Juu yake ongeza joto letu. Juu yake tena, gari hizi za Japan zilitengenezewa petroli yao ya haioku ya oktani (kipimo cha petroli kuhimili noki) 98 mpaka 100, na ya kwetu haifiki hapo. Kwaivo gari yako ilipimwa kwenye hewa nyepesi na baridi ikaletwa kwenye hewa nzito na ya moto, na sensa iliyopo haioni kinachoendelea baada ya intakula. Itunie upya huku chini. Funga sensa kwanza, vizuri, alafu mchukue fundi wa kutuni aje na kompyuta yake mchana, namaanisha mchana saa nane yenyewe, si alfajiri, arekodi namba za joto na za noki. Kiganja chako cha mguu kitasubiri mpaka hapo.

SWALI

Fundi mambo, mi ni msomaji wa Watamu. STI yangu iko vile ilivyotoka Japan, intakula ya juu, na kuna kile kitufe cha kurushia maji intakula. Nikikibonyeza sioni namba ya joto la hewa ikishuka hata kidogo kwenye skana. Imekufa? Na naweza kujaza maji ya kisima?

JIBU

Poa ndugu. Haijakufa, na kama umesoma jibu la juu ushajua kwa nini. Sensa yako iko kwa filta, maji yanarushwa kwa intakula, sensa haiwezi kujua kitu kinachofanyika mbele yake. Injini inapata hewa ya baridi kidogo ila kompyuta haina habari. Kama unataka kujua maji yanafanya kazi weka sensa nyengine ya pembeni baada ya intakula na geji yake yenyewe kwenye dashibodi, bila kugusa waya wa kompyuta. Hiyo ndo njia nzuri kwa mtu ambaye hataki kutuni, anaona ukweli kwa macho yake na gari inabaki na hesabu zake za kiwandani.

Ila jua maji yanapoza kwa kukauka, na hewa yetu ya pwani imeshiba unyevu tayari, kwaivo huku hayatakupa kile yanachompa mtu wa bara. Bado yanasaidia.

Maji ya kisima hapana. Visima vyetu vingi vina chumvi, maji yakikauka chumvi inabaki kwenye zile mbavu za alumini, baada ya miezi michache unaona unga mweupe, alafu alumini inaanza kuliwa na intakula yenyewe inaziba upepo. Kinga maji ya mvua, au nunua ya kunywa. Nilishafungua moja hapa iliyojazwa maji ya kisima kwa miaka, mdomo wa kurushia umeziba kabisa na mbavu za kati zinavunjika kwa kidole.

SWALI

Nina Forester ya turbo. Mtandaoni naona wanauza chipu ndogo ya nguvu, unachomeka kwenye waya za sensa ya joto la hewa dakika tano, wanasema inaongeza farasi na kupunguza petroli. Bei si mbaya. Ni kweli? Msomaji, Maweni.

JIBU

Usinunue. Mteja mmoja aliniletea moja nikaipasua mbele yake, ndani mlikuwa na rizista moja, kile kijidude chenye mistari ya rangi ambacho kwa fundi wa redio ni bei ya peremende, kimezungushiwa gundi nyeusi. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kwamba hewa ni baridi siku zote, hata kama we umekwama kwenye foleni ya tuktuk jua la utosi.

Sasa fikiria. Kompyuta ikiamini hewa ni baridi inadhani ni nzito, inaongeza petroli kidogo. Ukiwa unaenda polepole sensa ya ekzosti inaona petroli imezidi inaipunguza, kwaivo huoni tofauti yoyote isipokuwa pesa yako imeenda. Ukikanyaga mpaka mwisho ile ya ekzosti haifuatwi tena, petroli inabaki imezidi, plagi zinashika masizi, na taimingi inabaki mbele kama vile uko kwenye baridi wakati hewa ni ya moto. Kwa gari isiyo na turbo unaweza kubahatika miaka. Kwa turbo ya Subaru Malindi mwezi wa pili, sithubutu. Inaumiza sana kuona mtu amejinyima akanunua gari yake alafu anauziwa kitu cha kuiua.

Hiyo pesa nunua filta mpya ya hewa na dawa ya kusafishia MAF, ile ya kupuliza inayokauka yenyewe. Puliza, usiguse kwa brashi wala kitambaa, usitumie petroli. Vumbi la huku likichanganyika na chumvi linaganda kwenye zile nyaya ndogo, na ukisafisha utasikia tofauti ambayo chipu haitakupa.

SWALI

Fundi shikamoo. Naishi Lamu, Langoni, gari yangu naiacha Mokowe manake huku kisiwani tunatumia miguu na punda. Ni Subaru Legacy GT ya turbo. Huwa nakaa wiki tatu bila kuvuka. Mara ya mwisho kuiwasha taa ya injini ikawaka, ikawa inawaka kwa shida na kutoa moshi mweusi, nikampata kijana mwenye skana akasoma P0113 na joto la hewa likaandika 40 chini ya sufuri. Akasema ninunue sensa mpya. Ninunue?

JIBU

Marahaba mwanangu. Ungoje kwanza. 40 chini ya sufuri Mokowe si joto, hiyo ndo namba kompyuta inayotoa ikikuta waya umekatika, yaani umeme hauzunguki kabisa. P0113 maana yake ni hiyo hiyo, volti iko juu kwa sababu hakuna kinachoishusha. Kingekuwa kinyume, waya mbili zimegusana, ungeona namba ya moto ya ajabu na P0112. Kwaivo kuna mahali njia imekatika, inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa waya, na kwa gari inayolala karibu na bahari wiki tatu mi dau langu liko kwenye konekta.

Chomoa ile konekta ya MAF, zima gari kwanza. Tazama ndani kwa tochi. Ukiona rangi ya kijani kama ya sufuria ya shaba iliyoachwa nje, ushampata mwizi. Pulizia dawa ya kusafishia konekta, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, ikikauka paka grisi ya umeme kidogo na uhakikishe ule mpira mwekundu au wa kijivu wa kuzuia maji upo na haujapasuka. Mara nyingi mpira ndo haupo, kuna fundi aliutoa akausahau.

Kama konekta ni safi, pima sensa yenyewe. Tafuta mchoro wa gari yako ujue ni pini zipi mbili za joto, manake hapo ziko tano na moja inabeba volti 12, kwaivo usiingize waya wala klipu kwa kubahatisha, utaunguza kompyuta. Pima upande wa sensa ikiwa imechomolewa. Kwa joto letu la nyuzi 30 mita iseme kama omu 1,700. Ikisema hivo sensa yako ni nzima na pesa yako ibaki mfukoni, ufuate waya kurudi nyuma mpaka pale ulipoliwa na panya au chumvi, uunge kwa lehemu na uuvishe ule mpira unaosinyaa ukipashwa moto, usizungushe tepu peke yake. Mita isiposema kitu kabisa, hapo sawa, sensa imekatika ndani na utanunua MAF nzima kwa sababu zimejengwa pamoja. Tafuta ya asili hata iliyotumika kuliko mpya bandia.

Na ukivuka tena baada ya wiki tatu zako, kabla hujawasha, washa swichi tu bila injini uangalie skana. Gari iliyolala muda wote huo joto la hewa na joto la maji ya rejeta vinatakiwa viseme karibu namba moja, na namba hiyo ilingane na joto la pale ulipoiegesha. Zikilingana, washa uende.